Kusema riba ni dhambi hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa mikopo ya kausha damu, yaani mikopo midogo ya riba kubwa, unapozuka hapa Dar es Salaam, viongozi wa dini huombwa tamko, nao hujibu kuwa riba ni dhambi. Mama lishe wa Tandika analijua hilo tangu utotoni, na bado anakopa.

Elimu ya dini ina mengi zaidi ya kutupa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa aliyekwama. Aya ya 282 inataka deni liandikwe kwa maneno ya mdaiwa mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuweka rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ndilo linalomlisha mtu, na inamwamuru mdai asubiri nje, asiingie nyumbani kuchukua rehani. Huo ni utaratibu kamili wa kudai deni, na mimbarini hausikiki!

Kosa jingine ni kutopiga hesabu. Tuseme mtu anakopa 200,000, anakatwa 20,000 za fomu na bima, kisha anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Ameshika 180,000, amelipa 260,000. Na kwa kuwa marejesho yanaanza kesho yake, ikifika siku ya 13 nusu ya deni imeshalipwa na fedha zote hakai nazo mwezi mzima, kwa hiyo gharama halisi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukomo wa riba wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana (wasiotunza akiba za wateja) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 7,000 kwa mkopo huo.

Nchi yetu haina dini, na Ibara ya 19 ya Katiba inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Haimzuii sheikh wala mchungaji kutoa hoja. Ila akifika mbele ya kamati ya Bunge asiishie kwenye "imeandikwa". Aeleze kwamba fundi akinyang'anywa cherehani hana tena cha kulipia deni, kwa hiyo vifaa vya kazi visiwe dhamana. Hoja hiyo hata asiye na dini ataipima.

Misikiti na makanisa yaweke mtu wa hesabu baada ya ibada, awasomee waumini mkataba kabla ya kusaini na kuwaonyesha namna ya kuhakiki leseni ya mkopeshaji Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka leseni hiyo, na asiyekuwa nayo aripotiwe.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam