Naogopa kumjibu meja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kadeti wa ROTC, mpango wa kuwaandaa maofisa wa jeshi wakiwa bado chuoni, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu kimoja hapa Marekani. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nihitimu na kuvishwa cheo cha luteni usu. Ninachotaka ni kusomea sheria, kisha niingie kwa wale wanasheria wa jeshi wanaoitwa JAG. Shida ni kwamba katika watu wote ninaowafahamu, hakuna hata mmoja aliyepita njia hiyo.

Walio karibu nami, kila mmoja anajua nusu. Profesa wangu ananihimiza niombe ruhusa ya kuahirisha utumishi, nisome sheria miaka mitatu kwa gharama yangu, halafu niombe JAG. Yeye anaona shule tu. JAG wakinikataa, bado jeshi linanidai, na litanipeleka litakako, hata kwenye vifaru, na digrii yangu ya sheria mfukoni. Kapteni anayetufundisha, askari wa miguu kwelikweli, anasema nikaongoze platuni kwanza. Baada ya miaka miwili au zaidi naweza kuomba ule mpango ambao jeshi linakulipia shule huku ukipokea mshahara. Nilifurahi, mpaka niliposoma kwamba maofisa wanaochukuliwa kwa mwaka hawazidi 25, na kila mwaka wa shule unalipwa kwa miaka miwili ya utumishi. Shule miaka mitatu, deni miaka sita. Baba naye anasema mwanasheria ni mwanasheria, magwanda ya nini.

Kukosa mtu wa kuuliza kumeshanigharimu. Nilinunua kitabu kilichotumika cha kujiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, nikakesha nacho miezi miwili nikifumbua mafumbo ya nani akae kiti gani na nani asikae karibu na nani. Nilikuwa nimeanza hata kuyapenda. Kumbe mafumbo hayo yaliondolewa kwenye mtihani tangu Agosti 2024! Mtu mmoja tu aliyefanya mtihani juzijuzi angenitoa gizani kwa dakika moja. Na majira ya joto yajayo, wenzangu wanaotaka sheria watakuwa wanajisomea. Mimi nitakuwa kwenye mafunzo ya kadeti katika kambi ya Fort Knox, Kentucky, nikitambaa na bunduki.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwezi wa kumi nilipata anwani ya meja mmoja wa JAG katika kambi isiyo mbali na chuo. Nikamwandikia barua pepe ndefu, karibu kurasa mbili, nikaanzia utotoni, nikamalizia na “naomba uwe mshauri wangu.” Nilijua hatajibu. Akajibu siku ya pili, sentensi moja: karibu, unataka kujua nini hasa?

Shangazi, hii ni wiki ya sita na sijamjibu.

Swali lake lilinikuta mtupu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunishika mkono, sikuwa nimefikiria anishike niende wapi. Kila nikiandika swali naliona la kitoto, nafuta. Halafu kuna hili la vyeo. Jeshini kadeti haruki kichwa cha kapteni wake akazungumze na meja. Sikumwambia kapteni, na ni yeye ninayemtegemea aniandikie barua ya kunipendekeza. Akisikia kutoka kwingine, ataniona mjanja mjanja.

Nisaidie hapa. Baada ya wiki sita za kimya, nianze kwa kuomba radhi au niingie moja kwa moja kwenye swali? Nimwambie kapteni kabla sijaandika tena, au nitakuwa nakuza jambo dogo? Na je, ni haki kumbebesha mtu mmoja yote, mtihani, insha ya kujieleza, na uamuzi wa kutumikia kwanza au kusoma kwanza? Nafikiria insha nimpelekee profesa, mtihani niulize wanafunzi walioanza sheria mwaka huu, na meja nimuulize moja tu: kama angerudi alipokuwa luteni usu, angeanza na shule au na platuni? Nimeliandika kwenye karatasi hilo. Naliona fupi mno, kama utovu wa adabu, baada ya zile kurasa mbili.

Barua yake bado nimeiwekea alama isipotee.

Ni mimi,
Kadeti wa mwaka wa tatu