Ndugu yangu anataka kufanya filamu ya maradhi ya mdogo wetu

Assalam alaykum Bi Mshauri,

Naandika kutoka Wete, Pemba. Mimi ndiye mkubwa, ananifuata ndugu yangu wa kiume, kisha mdogo wetu wa kike. Huyu mdogo aliugua akiwa bado skuli. Alikuwa halali, hali, na anasikia watu wakimsema hali yuko peke yake chumbani. Nyumba ikagawika. Bibi mzaa baba alishikilia kuwa ni shetani wa ukoo, apungwe. Mama akataka hospitali. Kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, alikunywa, na hilo sina neno nalo, mama mwenyewe alikuwa akimsomea. Lakini bibi alipomwachisha dawa, maradhi yalirudi kwa nguvu, tukampakia meli kumpeleka Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, Unguja. Baba na mama walikaa muda mrefu hawasemezani.

Sasa, alhamdulillahi, hajambo. Dawa anameza kila usiku. Mwanzoni zilimtetemesha mikono hata uzi haupiti kwenye sindano. Leo anashona kofia, vitobo vyake vidogo vimekaa sawasawa, na wateja wanamfuata nyumbani.

Ndugu yangu na wenzake wanatengeneza filamu. Amenipa daftari nisome: msichana anaumwa akili, familia inagombana. Majina amebadilisha, lakini maneno ya msichana ni ya mdogo wetu hasa, aliyomwambia yeye usiku, maana yeye ndiye aliyekuwa akikesha naye. Kuna mahali msichana anaziba tundu la ufunguo kwa pamba ya godoro ili "wale" wasimwone. Hilo tunalijua sisi wa ndani tu.

Anasema watu wakiiona wataacha kuwafungia wagonjwa wao vyumbani, na hapo namuunga mkono kabisa. Anatamani siku moja ioneshwe Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la filamu la ZIFF. Ili nimwelewe, alinionesha filamu ya Ingmar Bergman wa Uswidi, ya mwaka 1961: msichana mgonjwa yuko kisiwani na mumewe, baba yake na mdogo wake wa kiume. Baba ni mwandishi. Msichana anafungua mtoto wa meza, anakuta daftari la baba: ameandika kwamba maradhi yake hayaponi, na kwamba yeye baba anatamani kumtazama anavyoharibika ayaandike. Nilimtazama ndugu yangu, naye macho yako kwenye picha tu. Yeye aliona ufundi. Mimi nilimwona mdogo wetu akilifungua daftari lile.

Tena kuna posa. Mposaji ameelezwa maradhi, wazee wake sijui kama wanajua. Wete tunajuana, nani atahangaika na majina?

Mimi nataka mdogo wetu aambiwe kabla kamera haijawashwa, akubali au akatae mwenyewe. Ndugu yangu ananisihi ninyamaze mpaka filamu ikamilike, eti kumkumbusha kutamrudisha alikotoka. Na mimi hofu hiyo ninayo, Bi Mshauri, naogopa kweli. Lakini kuiona kwanza kwenye simu ya jirani si ndiko kubaya zaidi?

Nimwambie mimi, au nimtangulize mama, ambaye hajui lolote? Au tumuulize daktari wake kwanza? Na akikataa, nimzuie vipi ndugu yangu, aliyekesha naye kuliko sisi sote, bila nyumba hii kugawika tena?

Dada mkubwa, Wete