Barua kwa mdogo wangu wa Maskati: usimwambie binti ami asubiri sindano

Mdogo wangu, assalaam alaykum.

Simu zangu hupokei, na kwenye grupu la ukoo umetoka bila kuaga. Basi nakuandikia hapa, watakaosoma wasome. Ile video ya sindano inayoyeyusha uvimbe wa saratani umeshamtumia binti ami, naye kaniambia kwa mdomo wake kwamba uvimbe wake haupeleki popote mpaka "sindano ya jeli" ifike Pemba. Ya nyuma ningeyanyamazia. Hili silinyamazii.

Siku ya hitma ya shangazi watu walishasoma, pilau limeshapakuliwa barazani, na sisi wanawake tuko ndani nyuma ya pazia tunasikia kila neno. Ukatoa simu. Ami akajifuta mafuta vidoleni kwa leso ndipo akaipokea, akaitazama, akampa aliye kuliani kwake. Ilipofika ndani niliishika mwenyewe. Sindano inaingia kwenye ngozi, kitu kama maji mazito kinasukumwa, uvimbe unasinyaa. Ngozi ile ilikuwa ya panya, mdogo wangu. Panya mweupe, mkia wake unaonekana pembeni mwa picha. Hilo hukulisema. Ulisema, "Wenzetu wanachoma sindano moja tu, nyinyi mkampeleka kukatwa." Mbele ya ami, mbele ya watoto wa marehemu, na kaburi bado bichi. Na kila aliyekuwapo alijua "nyinyi" ni nani, maana aliyetia saini hospitali ni mimi.

Uchungu wako naujua. Shangazi ndiye aliyekulea, ulipougua surua ulilala mapajani mwake mpaka ukapona. Nauli za boti na pesa za dawa ulileta bila kuombwa mara ya pili, naye alikuombea dua kila alfajiri mpaka sauti ilipomkatika. Sitayaficha hayo kwa sababu tumegombana. Lakini hukuliona lile ziwa lake lililoliwa na saratani. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifunua na kulisafisha.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata, na kijana wetu anayesomea udaktari akanieleza palipokuwa pagumu. Sikusoma ili nikushinde. Nilitaka kujua kama kweli nilimnyima shangazi uhai.

Sindano za namna hiyo zipo, sikuiti mwongo. Mwaka 2020 Marekani waliruhusu Jelmyto, yaani mitomaisini, dawa ya saratani, iliyochanganywa na jeli. Ikiwa baridi ni majimaji, ikipata joto la mwili inashikana, kinyume na samli. Hupitishwa kwa mpira hadi kwenye njia ya mkojo karibu na figo, ikakaa hapo ikiachia dawa kidogo kidogo kwa saa kadhaa, kisha ikatoka na mkojo. Ulaya mwaka 2019 walitoa kibali cha chembe za hafni oksaidi, zitokanazo na madini, ambazo huchomwa ndani ya uvimbe wa sarkoma (saratani ya nyama laini za mwili) kabla ya mionzi ili mionzi hiyo iue seli nyingi zaidi pale chembe zilipo. Ujerumani walitengeneza chembe za oksaidi ya chuma zilizopata kibali mwaka 2010. Zilikuwa zikimiminwa ndani ya uvimbe wa ubongo, mgonjwa akawekwa kwenye mashine ya sumaku, chembe zikapata moto na kuuunguza uvimbe kwa ndani. Nilipoyasoma haya nilimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa waja wake.

Sasa niambie, ya ziwa la shangazi ni ipi hapo? Na zote hizo hufanya kazi pale zilipowekwa. Saratani yake ilishafika kwenye ini na kwenye mifupa ya mgongo kabla mimi sijashika kalamu. Uvimbe aliuficha chini ya kanga, akinywa kombe na kujipaka dawa za miti, na sisi tukidhani anaumwa bega. Nilichokubali kikatwe ni kidonda. Kilikuwa kimepasuka, na kwa ile harufu hataki wajukuu wamsogelee. Alipokatwa alianza kulala usiku. Alikaa ukumbini na watu, akapaka hina ya Idi. Ungeliyaona hayo usingelisema ulilolisema.

Unakumbuka alivyokupigia akicheka kwamba dripu ya hospitali ya saratani ya Ocean Road imemgeuza mkojo kuwa mwekundu? Ile ni doksorubisini, dawa ya kuua seli za saratani. Dawa hiyo hiyo ikifungwa ndani ya vipovu vya mafuta, vidogo kiasi cha nanomita mia hivi, ndiyo Doxil, na Marekani wanaitumia tangu 1995 kwa sababu haiuchoshi moyo kama ile iliyo wazi. (Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Nilisoma mara mbili ndipo nikaamini.) Lakini hata chembe hizo zikipita kwenye damu, nyingi hazifiki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi, wakakuta kwamba kwa kawaida kinachoingia kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa. Nyingi hunaswa njiani, hasa kwenye ini na bandama. Ndiyo maana wanataka kuchoma uvimbeni moja kwa moja, na jeli iizuie dawa isitoroke.

Kama ulitaka kuleta habari ya kheri barazani, ungeleta ya Chuo Kikuu cha Duke. Kule Profesa Nimmi Ramanujam na wenzake walichukua ethanoli, yaani alkoholi, ambayo madaktari wamekuwa wakiichoma kwenye uvimbe wa ini kwa miaka mingi, wakaichanganya na ethili selulosi, kitu kitokanacho na nyuzi za mimea. Ethanoli peke yake huvuja na kuunguza nyama nzima ya jirani. Mchanganyiko wao ukikutana na maji ya mwilini hugeuka jeli papo hapo, ukabaki ulipochomwa. Mwaka 2017 walitangaza kwamba kwa hamsta, wanyama wadogo mfano wa panya, wenye uvimbe mdomoni, sindano moja iliumaliza. Vitu vyenyewe ni vya bei ndogo, na waliwafikiria watu wa nchi kama yetu, wasio na chumba cha upasuaji karibu. Hiyo naiombea ifike Wete nikiwa hai. Lakini nao walianza na hamsta, na binti ami ana watoto watatu.

Wewe una moyo mwema na haraka ya ulimi. Ukiwa mbali, kila kitu kinaonekana chepesi. Sisi tuliobaki ndio tunaoulizwa na daktari, "Nani anakubali?" na lazima mtu aseme "mimi." Nilisema. Ningeulizwa tena kesho kwa shangazi yule yule na kidonda kile kile, ningesema tena.

Uvimbe wa binti ami ni mdogo, unacheza chini ya kidole, na huenda usiwe saratani kabisa. Kama ni yenyewe, ukiwahiwa unatibika kwa dawa zilizopo leo. Miadi ni Jumatatu, hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Watampiga picha, kisha watachukua kinyama kwa sindano wakapime. Hiyo ndiyo sindano anayoihitaji wiki hii. Mpigie leo kabla ya magharibi umwambie apande boti, maana wewe anakusikiliza kuliko mimi. Ukishampigia, nipigie na mimi. Kauli yako ya siku ya hitma sijaisamehe bado, lakini simu yako nitaipokea.