Wenye rada nao wawajibike

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimekusoma kimya kimya, lakini taarifa yenu kwamba rada na mitambo ya maikrowevu, ile inayorushiana data kutoka mnara hadi mnara, haviwezi kudhuriana, kwa kuwa kila kimoja kina masafa yake ya mawimbi, imenishinda kuvumilia. Aliyewaeleza hayo hajawahi kukesha chini ya mnara.

Mimi nimekesha. Mtambo wetu wa masafa ya megahazi 3,900 ulikuwa ukipoteza data kila mara. Tukaambiwa ni mvua, ilhali hata mbingu ikitakata hali ilikuwa ile ile. Tukabadilisha kebo, tukabadilisha kipokezi, tukaelekeza dishi upya, na bado wakubwa wakatuita wazembe. Usiku mmoja nikakaa na saa mkononi nikihesabu: kosa, sekunde 12, kosa, sekunde 12. Ilikuwa antena ya rada ya kuona mbali, inazunguka mara 5 kwa dakika, na kila ikitugeukia inatupiga. Rada yenyewe ilikuwa ya megahazi 1,300, lakini rada huvujisha masalia ya mawimbi kwenye mara mbili na mara tatu ya masafa yake pia, na mara tatu ya 1,300 ni ngapi? Ni 3,900, masafa yetu. Mpigo wa rada kama ile unaweza kufika wati milioni moja. Kipokezi chetu kinategea nguvu isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya wati. Masalia tu ya mpigo huo yanatosha kukiziba. Dawa yake ni kichujio cha kuzuia masalia hayo kwenye njia inayopeleka mawimbi kwenye antena ya rada, na wenye rada walitukatalia miezi kadhaa wakisema wana kibali. Kibali cha 1,300, sawa. Cha 3,900 waliwapa nani?

Wala siteti upande mmoja. Rada nyingi za hali ya hewa ziko kati ya megahazi 5,600 na 5,650. Mkutano wa dunia wa kugawa masafa ya redio wa 2003 uliruhusu Wi-Fi humo kwa sharti kwamba kifaa kisikilize kwanza, na kikisikia rada kihame. Leo wapo wafungaji wanaozima usikilizaji huo ili mteja asikatikiwe mtandao, na picha ya rada inajaa michirizi pale ambapo mtabiri anatafuta dhoruba. Maisha ya watu yamo katika picha hiyo!

Kabla rada haijawashwa, ipimwe kwenye mara mbili na mara tatu ya masafa yake, na vipimo wapewe wenye minara yote inayoiona. Vifaa vya Wi-Fi vya nje visiuzwe vikiwa na njia ya kuzima usikilizaji. Nanyi mkitaka kuandika tena, mtumeni mwandishi akeshe nasi, aje na saa.

Fundi mitambo mstaafu