Msalaba wa mfupa una historia yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayelalamika kwamba misalaba na sanamu ndogo za Bikira Maria zinazochongwa kwa mifupa ya ng'ombe na kuuzwa hapa Dodoma zinaishushia ibada heshima, kwa kuwa Wakristo wa Ulaya ya kale walitumia pembe za ndovu peke yake. Mimi ni mchongaji wa vitu hivyo hivyo, na naomba nafasi nimjibu.

Ni kweli kwamba tangu karne ya 13 mafundi wa Paris walichonga kwa pembe za ndovu sanamu za Maria na Mtoto, pamoja na vibao viwili vilivyoungwa kwa bawaba, ambavyo mwenye navyo alivifungua wakati wa sala na kuvifunga kama kitabu. Sanamu mashuhuri ya Maria na Mtoto ya Sainte-Chapelle, kanisa la wafalme mjini Paris, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, ina urefu wa sentimeta 41 tu. Lakini Ufaransa haina ndovu. Malighafi ilitoka Afrika, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba sehemu yake ilipitia bandari za Waswahili. (Nisieleweke vibaya: misafara ya pembe iliyokatiza Ugogo, nchi hii ya Dodoma, na kutozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ni habari ya karne ya 19, zama nyingine kabisa.)

Ama hilo la "peke yake", hapo mwenzangu amekosea. Mwishoni mwa karne ya 14, karakana ya Embriachi, iliyofanya kazi Florence na baadaye Venice huko Italia, ilijulikana hasa kwa uchongaji wa mifupa: makasha, pamoja na mapambo ya altare yenye visa vya Biblia. Ukitazama picha za kazi zao utaona vipande vyembamba vilivyosimamishwa bega kwa bega, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja au wawili, na uso wa kila kipande umebinuka kidogo kuelekea nje. Mimi sikuhitaji kuelezwa sababu. Mfupa wa mguu una uwazi wa uboho katikati, na ukishaupasua kwa msumeno unabaki na ukuta mwembamba ambao hauwezi kukupa sanamu nene. Pembe ya ndovu, isipokuwa upande wa shinani ulio wazi, ni nzima ndani. Kwa hiyo fundi wa mfupa hana budi kuunganisha.

Kazi yenyewe si ya mkato kama inavyodhaniwa. Mifupa ya machinjioni naichemsha mpaka mafuta yaachane nayo, la sivyo msalaba utageuka wa manjano na kunuka. Kisha naianika kivulini siku nyingi, maana jua na upepo wa Dodoma huipasua. Baada ya hapo ndipo zinapofuata tupa na msasa. Pembe za ndovu siwezi kuzigusa, wala sizitamani, kwani biashara yake ya kimataifa ilikubaliwa kupigwa marufuku mwaka 1989.

Jambo moja namuunga mkono: wapo wauzaji wanaotuuzia plastiki kwa jina la mfupa. Anunuapo, auinue msalaba kwenye mwanga na kuukagua kwa karibu. Mfupa huwa na vidoa na mistari midogo myeusi ilikopita mishipa ya damu, na plastiki haina.

Mchongaji,
Dodoma