Kihisi cha chai ya kijani kisitumike kupamba pakiti

Mhariri,

Pakiti nyingi za chai ya kijani madukani zimeandikwa kuwa zina antioksidanti tele, na viwanda sasa vinashawishiwa kununua vihisi vya umeme vinavyopima antioksidanti hizo kwa dakika chache. Hatuna ugomvi na kifaa. Tatizo ni namba yake kuhamia kwenye pakiti bila maelezo ya jinsi ilivyopatikana.

Katekini, yaani antioksidanti kuu za chai, hasa ile iitwayo EGCG, huachia elektroni kwa urahisi. Kihisi huzivuta elektroni hizo kwenye elektrodi ya kaboni: volti inapandishwa kidogo kidogo, na mkondo unaopita husomwa kwa mikroampea na kuchorwa kwenye grafu. Kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 7, kilele cha kwanza, yaani pale mkondo unapopanda juu kisha kushuka, hutokea kati ya volti +0.1 na +0.2 hivi, ukilinganisha na elektrodi rejea (ile ya kulinganishia volti) ya fedha na kloridi ya fedha. pH ikishuka kwa 1, kilele husogea juu kwa takriban milivolti 59, kwa hiyo grafu mbili za pH tofauti hazilinganishwi. Kafeini haisumbui, kwani huhitaji volti zaidi ya 1.

Adui mkubwa ni uchafu usioonekana. Katekini zikishapoteza elektroni hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuacha utando mwembamba juu ya kaboni. Kipimo cha kwanza kinatoka vizuri, cha pili kinapungua, cha tano ni hadithi nyingine kabisa, na asiyejua atasema chai imeharibika. Elektrodi ya kaboni ya kioo lazima isuguliwe kati ya sampuli na sampuli: unga wa alumina wa mikroni 0.05 juu ya kitambaa kilicholowa, mwendo wa namba nane kwa dakika moja, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, mpaka uso ung'ae kama kioo cha kujitazamia. Kisha ijaribu kwa ferisianidi ya potasiamu, milimoli 1 kwa lita ndani ya kloridi ya potasiamu. Kilele cha kwenda (volti ikipandishwa) na cha kurudi (ikishushwa) vikiachana kwa milivolti 60 hadi 80, endelea. Vikipita 100, rudi kwenye alumina. Anayetumia elektrodi za kuchapwa, zile za kutupa, aepukane na kishawishi cha kuzirudia ili kubana matumizi.

Elektrodi rejea nayo isiachwe ikauke. Ihifadhiwe ndani ya kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita, na itazamwe nchani kama haina kiputo cha hewa, maana kiputo kimoja hufanya grafu irukeruke. Kwenye elektrodi za kuchapwa, rejea hutegemea kloridi iliyomo kwenye sampuli yenyewe. Ukisahau kuweka gramu 7.45 za kloridi ya potasiamu kwa kila lita ya bufa (maji yenye kemikali za kuzuia pH isibadilike), vilele vitahama na utatafuta mchawi bure.

Sampuli ni rahisi: gramu 1 ya majani yaliyosagwa, mililita 100 za maji ya nyuzijoto 80, dakika 5, chuja, poza. Chukua mililita 1 na uijaze bufa hadi mililita 50. Tunapendekeza bufa ya pH 3, kwa sababu kwenye pH 7 na kuendelea katekini huanza kuharibika zikiwa bado mezani, na mchanganyiko hugeuka rangi taratibu. Kwa kulinganishia, pima miligramu 17 za asidi ya galiki kwenye mililita 100 za maji. Hiyo ni milimoli 1 kwa lita. Iandae siku hiyohiyo, uipunguze kwa bufa ileile hadi mikromoli 10, 20, 50 na 100 kwa lita.

Halafu, ili kuhakiki kipimo, ongeza mikromoli 20 kwa lita za asidi hiyo kwenye chai yenyewe. Mashine ikionyesha ongezeko la 12 tu badala ya 20, utando umerudi au chai ni nzito mno. Vitamini C nayo huoksidika (hupoteza elektroni) karibu na volti hizohizo, na baadhi ya chai za chupa huongezewa vitamini hiyo.

Sasa namba. Kinachopatikana hapo ni jumla iliyogeuzwa kuwa asidi ya galiki, si EGCG. Molekuli moja ya EGCG ina pete mbili zinazotoa elektroni, asidi ya galiki ina moja. Ukibadilisha kitu cha kulinganishia, chai ileile hupata namba nyingine. Kujua kila katekini kunahitaji HPLC, mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja, kama inavyoelezwa kwenye ISO 14502-2, na kiwango cha ISO 11287 kinataka chai ya kijani iwe na katekini zisizopungua asilimia 7 ya uzito mkavu. Kihisi hakithibitishi hilo.

Mahali pake halisi ni kiwandani, Mufindi au Kericho, karibu na mashine ya mvuke. Jani likichelewa kupigwa mvuke, kimeng'enya chake huanza kuzila katekini, na kilele hushuka ikilinganishwa na mzigo wa asubuhi. Hapo hakuna haja ya namba kamili, ila elektrodi safi na bufa ileile kila siku. Anayetaka kuchapa namba kwenye pakiti aandike pia kipimo kilichotumika, kitu cha kulinganishia na tarehe ya kupima. Tunawaomba TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, walifanye hilo kuwa sharti.

Wapimaji wa chai,
Mufindi