Kwa somo yangu wa Muheza

Watford, Uingereza
Mwanzoni mwa Mei

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Nimesikia masika yameshuka kwa nguvu huko, na nawaombea michungwa isipukutishe maua.

Uliniuliza kwenye simu: hivi kweli watu wazima wanafunga safari, wanalipa kiingilio, kwenda kutazama maua ya msituni ambayo hata kuyachuma hawaruhusiwi? Jibu nililokupa siku ile halikuniridhisha hata mimi, ndiyo maana nimekaa nikuandikie kwa kituo.

Kwanza uujue ubaridi wa huku. Ikifika Novemba miti imeshapukutika yote, imebaki vijiti. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na siku nyingi hata hilo jua lenyewe hulioni. Mpaka Januari inakwisha, macho yamechoka na kijivu. Halafu mwezi wa Februari, chini ya mti usio na jani, kinachomoza kimaua cheupe kimeinamisha kichwa, wanakiita snodropu. Mwaka mwingine kinatokea theluji ingali chini. Zikimaliza hizo zinakuja krokasi, kisha Machi daffodili za njano, hizo utaziona kila mahali, hata kwenye vipilefti vya barabarani. Aprili ni zamu ya magnolia na micheri. Na watu nao wanabadilika, somo. Jirani aliyepita kimya miezi yote ya baridi, uso umefunikwa skafu, utamkuta amesimama getini anakueleza habari za maua yake kama anayekueleza habari za wajukuu.

Lakini hayo mengi yana mkono wa mtu ndani yake. Kuna aliyenunua tunguu, akachimba, akapanda. Yale yaliyonifanya nikuandikie ni blubeli, ua la buluu la msituni, ambalo halingoji mpandaji.

Hapa tulipo hatuko mbali na Ashridge, kwenye vilima vya Chiltern. Zamani palikuwa na nyumba ya watawa, mpaka Mfalme Henry VIII alipowavunjia watawa wa nchi hii nyumba zao na kuchukua mali zao, na mtoto wake Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, aliwahi kukaa hapo. Ndani ya eneo hilo kuna msitu mmoja uitwao Dockey Wood. Tulikwenda na watoto Jumamosi ya mwisho ya Aprili, mapema, magari hayajajaa. Unaingia chini ya miti mirefu yenye gome laini la kijivu, wanaiita biichi. Majani yake ndiyo kwanza yanafunguka, mororo, mwanga unapita ndani yake. Na chini, kuanzia miguuni pako mpaka jicho linapokomea, ardhi yote ni buluu inayoelekea zambarau. Udongo huuoni. Upepo ukipita, buluu yote inatikisika pamoja. Wanangu, ambao unawajua hawanyamazi, walishika mikono yangu wakanyamaza.

Harufu yake ni nyepesi. Usitegemee ukali wa asumini wala kilua. Ukinusa ua moja unapata kidogo tu, ila msitu mzima unapojaa, hewa yenyewe inakuwa tamu.

Nilitaka kujua inakuwaje, nikauliza na kusoma. Kila blubeli inatoka kwenye tunguu dogo lililo ardhini, na tunguu hilo lina muda mfupi sana wa kujitafutia riziki ya mwaka mzima. Majani yake hutangulia kutoka miti ingali uchi, jua linapofika chini bila kizuizi. Hapo ndipo linapotengeneza chakula, linatoa ua, linaweka akiba. Juni miti ikishajifunika, chini kunakuwa giza, na blubeli zimeshamaliza shughuli zao, zimebaki mbegu. Mbegu nazo haziendi mbali, zinaanguka palepale. Toka mbegu mpaka ua la kwanza ni miaka 5 au zaidi. Sasa piga hesabu mwenyewe: ili ua linalotembea hatua fupi namna hiyo lijaze msitu mzima, inahitajika karne baada ya karne bila mtu kulima, bila mtu kung'oa visiki. Wataalamu wa hapa Uingereza wanaita msitu wa kale ule uliokuwapo tangu mwaka 1600 bila kukatika, na blubeli zikitanda chini ya miti ni mojawapo ya dalili wanazozitumia kuutambua. Inakadiriwa karibu nusu ya blubeli zote za dunia ziko nchi hii.

Ndiyo sababu ya kile kiingilio. Jani likikanyagwa linavunjika, haliwezi tena kutengeneza chakula, na tunguu linabaki na njaa chini. Pakikanyagwa sana panaweza kuchukua miaka mingi kurudi. Nilimwona baba mmoja amemvusha mtoto pembeni ya njia, akamweka katikati ya maua ampige picha. Mzee mmoja wa kujitolea akamfuata pole pole, akachutama, akamwonyesha jani lililopondeka na kumweleza. Hakupandisha sauti hata kidogo. Yule baba akatoka kwa uangalifu, akiweka mguu palepale alipoukanyagia kwanza. Sheria pia ipo: tangu 1998 huruhusiwi kuchimba matunguu ya blubeli za porini ukayauze.

Kilichonigusa zaidi ni namna msitu wenyewe ulivyonusurika. Bwana mkubwa wa Ashridge, Earl Brownlow, alifariki 1921, na ardhi ikawa ya kuuzwa. Hapa ni jirani na London, somo. Wewe uliye Muheza unajua shamba likikatwa viwanja kinachofuata. Watu wakahangaika, wakachanga fedha, wakaandikia wakubwa, na 1926 sehemu kubwa ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika linalotunza ardhi na majumba ya kale kwa ajili ya umma. Leo mimi, mtoto wa Tanga, natembea humo na wanangu kwa sababu ya watu wasionijua kabisa, waliotoa fedha zao miaka karibu mia iliyopita. Naliwaza jambo hilo mara nyingi.

Kew nilikwenda na akina mama wenzangu wa nyumbani. Hiyo ni bustani ya kifalme, ilianza 1759, na tangu 2003 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuna kibanda cha Malkia Charlotte, chenye mapaa ya nyasi, na pembeni yake msitu ambao Malkia Victoria aliutoa 1898 kwa sharti kwamba uachwe katika hali yake ya asili. Umeachwa, na blubeli zimo. Ila mimi nilikaa zaidi mbele ya mwaloni mmoja mkubwa, Turner's Oak, uliopandwa 1798. Miaka ya 1980 ulikuwa unadhoofika, hakuna aliyejua sababu. Oktoba 1987 ikaja dhoruba ya usiku, ikaangusha miti karibu 700 ya Kew. Mwaloni huu ukainuliwa na mizizi yake ukarudishwa chini. Wafanyakazi wakauegemeza kwa nguzo, wakaenda kwanza kwenye iliyoanguka, wakitegemea kuja kuukata baadaye. Walipourudia baada ya miaka kama mitatu waliukuta umenawiri kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu. Tony Kirkham, aliyekuwa msimamizi wa miti wa Kew, ndiye aliyeieleza sana habari hii: nyayo za wageni zilikuwa zimeushindilia udongo mpaka mizizi ikakosa hewa, na dhoruba ile iliutikisa udongo ukafunguka. Siku hizi huzungukia miti mikongwe wakipuliza hewa ardhini kwa mashine. Kwa hiyo sisi wapenda maua, kwa miguu yetu tu, tunaweza kuua tunachokipenda. Tangu siku ile sitoki kwenye njia.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa rohoni. Nenda duka lolote kubwa huku, utakuta vyungu vidogo vya ua la zambarau, kitovu cha njano, majani mazito yenye vinyweleo. Jirani yangu bibi mmoja analo dirishani jikoni. Kibandiko kinasema limetoka Afrika, basi. Mimi namwambia kila mtu limetoka wapi: limetoka kwetu! Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa akitumikia serikali yao hapo Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Likaenea madirisha ya dunia nzima.

Kwao lenyewe, huko Usambara, linaishi kwenye mawe yenye unyevu, kivulini, karibu na vijito. Ukiukata mti unaolifunika, jua linalikausha. Aina kadhaa za ua hilo ziko hatarini porini, wakati vyungu vinauzwa kwa bei ya vikombe viwili vya chai. Na mimi na wewe tumekua Muheza, milima ya Amani tunaiona kila asubuhi, hakuna aliyewahi kutupandisha tukalitazama kwenye jiwe lake. Waingereza wanaendesha gari saa mbili kwenda kuliona ua lao pale lilipozaliwa. Nilipokuwa nimesimama Dockey Wood nililionea wivu jambo hilo moja, wala si ua lenyewe.

Basi nina ombi. Mvua ikipungua na barabara ikikauka, wachukue watoto uwapandishe Amani. Bustani ya mimea ya pale ilianza na taasisi ya Wajerumani ya 1902, na msitu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Chukua muongozaji wa hapohapo, mwambie mnataka kuliona ua hilo porini, kwenye mawe. Muulize pia habari za mti uitwao Maesopsis, ulioletwa na kupandwa hapo ukatoroka ukaingia msitu wa asili. Nauliza kwa sababu huku wana shida ileile na rododendroni, iliyoletwa 1763: ua lake ni zuri kweli, ila kivuli chake ni kizito mno, blubeli haziwezi chini yake, na kila mwaka watu wa kujitolea huingia na misumeno kuing'oa. Watoto wako wakubwa sasa, wataelewa.

Msichume hata jani. Ila nipigie picha, ya jiwe zima na maji yanayopita, nije nimwonyeshe yule bibi jirani nyumbani kwa ua lake.

Kuhusu safari yako: viza ikitoka kabla ya Aprili, kata tiketi ya wiki ya tatu ya mwezi huo, usichelewe zaidi, maana mwaka wa joto blubeli huwahi na zikishapauka hazikungoji. Nitaomba ruhusa kazini twende Ashridge siku ya katikati ya wiki, asubuhi, kabla ya watu. Lete viatu vya kufunika miguu, chini kuna tope, na shuka zito, kwani Aprili ya huku ni baridi kuliko Lushoto ya Julai.

Msalimie shemeji, mama, na wote wanaoniulizia.

Wasalaam,
Somo yako